Vijibomba vya Profesa Zulma

Daktari Irigoyen alichana karatasi kutoka kwenye kalenda ya mwaka uliopita, akaigeuza upande mweupe, akachora duara kubwa na ndani yake duara dogo. Kisha akaisogeza mbele ya Zulma ili aione vizuri.

"Seli, mama, ichukulie kama kanyumba," alisema. "Hapa katikati anakaa mwenye nyumba. Hivi vidoti ni majiko. Sasa kansa ni pale nyumba moja inapoanza kuzaa nyumba nyingine ovyo, bila kumwuliza mtu."

Zulma Etcheverry aliitazama ile nyumba. Mitokondria, yale majiko ya daktari, zilikuwa kama punje za dengu zilizomwagika sakafuni. Nguzo hazikuwemo. Hakukuwa na nguzo hata moja, na nguzo ndizo zilizomlisha maisha yake yote. Alikuwa profesa wa biolojia ya seli hapo hapo Montevideo, na kazi yake ilikuwa kiunzi cha seli, hasa vile vijibomba vyembamba mno vinavyoishikilia seli isibonyee, na ambavyo juu yake oganeli, yaani vyombo vidogo vya ndani ya seli, hubebwa kutoka upande mmoja kwenda mwingine. Alikuwa amepiga video nyingi za mitokondria zikitambaa ndani ya neva za vifaranga. Na hiyo dawa aliyokuwa akielezwa kwa upole kiasi kile, paklitakseli, aliitumia maabara tangu kijana huyu akiwa bado anajifunza kuandika. Tone dogo kwenye kisahani, na vijibomba vyote vinakakamaa.

Angeweza kumkatiza. Hakumkatiza kwa sababu daktari hakuwa na kosa. Aliyeomba kuelezwa ni Nibia.

Nibia alikuwa dada yake mkubwa, mwenye saluni kule Paysandú. Siku aliyopata habari za ule uvimbe kwenye titi la mdogo wake, alifunga saluni, akapanda basi na masanduku yake, akagonga mlango wa Zulma kabla hajaalikwa. Sasa alikuwa amekaa kliniki, mkoba mapajani, akitikisa kichwa kwa kila neno la daktari kama mwanafunzi mzuri. Miaka yote hiyo Zulma alikuwa akienda Paysandú kila Krismasi, wakikaa meza moja, na Nibia hakuwahi hata mara moja kuuliza seli ni kitu gani. Leo amemwuliza mtoto wa watu.

"Huyu mdogo wangu anafundisha mambo hayo hayo chuo kikuu," Nibia alisema, karatasi ikiwa tayari imejaa. "Ila yeye ukimwuliza anakasirika."

Daktari aliona haya mpaka masikioni. Aliikunja karatasi, akaomba radhi, na kuanzia siku hiyo akawa anamwita Zulma Profesa, jambo ambalo nalo lilimkera.

Dripu zilianza majira ya majani kupukutika yalipokuwa yanaisha. Kila wiki Zulma alikaa kwenye kiti cha plastiki cha kliniki akiiangalia dawa ikishuka tone moja moja, na Nibia akiwa pembeni akiwasimulia wagonjwa wengine habari za familia yao. Nyumbani mambo yalikuwa mabaya zaidi. Nibia alihamisha sufuria zote kutoka makabati ya chini hadi ya juu. Alifungua redio asubuhi na hakuizima. Aliweka majani machungu ya marsela ndani ya kibuyu cha yerba, ile chai ya kwao ya kufyonzwa kwa mrija, eti yanasafisha tumbo, na Zulma alipolalamika kwamba kinywaji kimekuwa na ladha ya ghala, Nibia alijibu kwamba ulimi wake umeharibiwa na dawa. Kila jioni aliwapigia simu mabinamu zao wa mji wa Durazno na kuwapa taarifa kamili: Zulma amekula nini, ametapika nini, nywele zimebaki ngapi. Zulma akisikia jina lake kwenye simu alikuwa akifunga mlango wa chumba kwa nguvu, na Nibia alikuwa akiongeza kwenye taarifa kwamba amefunga mlango kwa nguvu.

Hata hivyo dawa ilikuwa inafanya kazi. Daktari alipopapasa uvimbe alisema umepungua, na picha zikasema hivyo hivyo. Ukiendelea hivi, alisema, tutafika kwenye upasuaji tukiwa na kitu kidogo cha kukata.

Baridi ilipoanza kushika, vidole vya miguu vya Zulma vikafa ganzi.

Ilianza kama soksi iliyokunjamana. Aliivua, akainyoosha, akaivaa tena, na mkunjo ukawa bado upo. Alikaa ukingoni mwa kitanda akaushika mguu mkononi, akabinya kidole gumba, akabinya kingine. Alielewa mara moja. Hakuhitaji kufungua kitabu chochote, maana mchoro wa jambo lenyewe aliuchora kila mwaka ubaoni mbele ya wanafunzi, wengi wao wakisinzia.

Aliamua kutosema. Hesabu yake ilikuwa nyepesi: akisema, daktari atapunguza dawa, dawa ikipungua, ule uvimbe utapata nafasi ya kupumua. Vidole vya miguu si kitu cha kulinganisha na hilo. Basi kila wiki daktari alipouliza kama kuna ganzi, kama kuna kuchomachoma kama sindano, kama vifungo vya nguo vinafungika, Zulma alijibu kwamba hakuna, hakuna, vinafungika. Alisema hivyo kwa sauti ile ile aliyoitumia kumfukuza maabara, miaka michache nyuma, mwanafunzi aliyefuta kipimo kilichoharibu grafu yake nzuri. Kumbukumbu hiyo ilimjia, akaipuuza.

Kudanganya nako kulitaka kazi. Aliacha mashati, akawa anavaa sweta za kuingiza kichwani. Alinunua viatu visivyo na kamba. Kwenye ngazi za jengo lao, zile za marumaru zilizolika katikati, alijifunza kuangalia mguu wake ukitua kabla hajautupia uzito. Ganzi ilipofika kwenye vidole vya mikono, kibuyu cha yerba kilimponyoka mbele ya Nibia na majani ya moto yakamwagika zuliani.

"Umekiachia," Nibia alisema.

"Kilikuwa na mafuta. Wewe unakishika na mikono ya jikoni."

Nibia alienda kuchukua tambara, akapiga magoti, akafuta. Hakujibu chochote, na Nibia kunyamaza lilikuwa jambo la kutia wasiwasi. Lakini Zulma alikuwa amechoka sana na kukereka sana hata asilitilie maanani.

Kisha ikaja wiki ya mvua. Mvua ya Montevideo wakati wa baridi haina haraka. Inakaa siku nzima dirishani kama mgeni asiyejua kuaga. Mchana mmoja Nibia aliamua kukaanga maandazi bapa, maana kwao mvua ikinyesha hivyo ni lazima mtu akaange, na Zulma alikaa sebuleni mbele ya hita ya gesi, miguu ikiwa imevikwa viatu vya sufu vya kuvalia ndani, akisahihisha makala ya Leandro Pintos. Leandro alikuwa mwanafunzi wake zamani, sasa ndiye aliyekuwa akiiendesha maabara. Makala yalikuwa mabaya. Leandro alikuwa ameandika kwamba mitokondria "zinaamua" kusimama, na Zulma alikuwa anaandika pembeni, kwa kalamu iliyokuwa ikimteleza, kwamba mitokondria haijawahi kuamua kitu tangu dunia iumbwe.

Harufu ya kuungua ikaingia puani mwake.

"Nibia, mafuta yako yanaungua," aliita, bila kuinua macho.

Nibia alitokea mlangoni na mwiko mkononi. "Mafuta yangu hayana neno," alisema. Kisha akatazama chini, akautupa mwiko, akaja mbio, akampokonya mguu kutoka kwenye wavu wa hita. Kiatu cha sufu cha mguu wa kulia kilikuwa kinafuka moshi. Nibia alikivua kwa mikono mitupu, akakitupia kwenye sinki, akarudi na beseni la maji ya bomba, akauzamisha mguu wa mdogo wake humo. Kwenye ukingo wa unyayo ngozi ilikuwa imevimba na kuwa nyeupe, upana wa yai.

Zulma aliutazama mguu ukiwa ndani ya maji kama mguu wa mtu mwingine. Hakuwa amesikia kitu. Hata sasa hakuwa anasikia kitu, ila baridi kidogo kwenye kifundo.

"Hukusikia moto," Nibia alisema. Alikuwa amepiga magoti, maji yamemrukia kifuani. "Zulma. Unaungua kama kuni, unanilaumu mimi na mafuta yangu."

"Ni ganzi. Ni dawa. Ni kitu kinachojulikana."

"Kinajulikana na nani? Mimi sikijui. Hebu nieleze."

"Huwezi kuelewa."

"Yule kijana nilimwelewa."

Hilo lilimpandisha Zulma hasira ambayo hakujua kama bado anayo nguvu ya kuibeba. Alitupa makala ya Leandro sakafuni. Basi sikiliza, alisema, akajishika kiunoni, nyuma.

"Neva ya kidole gumba cha mguu inaanzia hapa. Ni seli moja, moja tu, kutoka hapa mpaka kidoleni. Kiini chake kiko huku juu. Karibu kila kitu ambacho kidole kinahitaji kinatengenezwa huku juu, halafu kinabebwa njia yote hiyo mpaka chini."

"Kinabebwa na nani?"

"Na protini. Zinatembea juu ya vijibomba, zimebeba mizigo. Mitokondria, vifuko, kila kitu."

"Zinatembea. Zina miguu?"

"Kama miguu. Nibia, usinikatize."

"Sijakukatiza, nimeuliza."

"Hivyo vijibomba kwa kawaida vinajengwa na kubomolewa, vinajengwa na kubomolewa. Seli ya kansa ikitaka kugawanyika inavihitaji hivyo, vya kujengeka na kubomoka upesi. Dawa inavikakamaza. Seli inakwama katikati ya kugawanyika, inakufa. Ndiyo maana uvimbe umepungua. Lakini dawa haichagui. Vijibomba vya neva navyo vinakakamaa. Mizigo inachelewa, mingine haifiki. Na anayeumia kwanza ni aliye mbali."

"Vidole vya miguu," Nibia alisema.

"Vidole vya miguu. Kisha vya mikono."

Nibia aliutoa mguu majini, akauweka pajani, akaanza kuupangusa kwa taulo kwa kuugusagusa tu, bila kuusugua. Alikuwa ameosha vichwa vya watu kwa miaka mingi na mikono yake ilijua kuwa myepesi.

"Kumbe ukitaka unaeleza vizuri," alisema. "Sasa nieleze hili. Umeanza kuwa hivi tangu lini?"

"Si muda mrefu."

"Tangu lini, Zulma?"

"Tangu baridi ianze."

"Na daktari anajua?"

Zulma aliinama kuokota makala ya Leandro. Jikoni mafuta yalikuwa yameanza kutoa moshi kweli. Nibia aliinuka, akaenda kuzima jiko, akarudi, akasimama.

"Mama naye alisema hakuna kitu," alisema.

Mama yao alikuwa na kisukari. Alipata kidonda kisigino, akakificha ndani ya soksi ndefu, kila akiulizwa anasema hakuna kitu, mpaka siku Nibia alipomvua soksi kwa nguvu. Mguu ulikatwa chini ya goti. Nibia ndiye aliyemwogesha na kumbeba miaka iliyofuata, maana Zulma alikuwa Montevideo akisoma.

"Ulikuja kwa basi ukiwa na koti la maabara mkobani," Nibia alisema. "Ulisimama ukumbini hospitali ukamfokea mama. Mgonjwa wa watu, amekatwa mguu jana yake. Ulimwambia maumivu ni taarifa, na anayeficha taarifa ni mjinga. Manesi walitoka kukutazama. Mimi nilikuwa upande wako, unajua? Nilisema, mdogo wangu amesoma, anasema kweli."

"Hili si sawa na lile. Mimi najua ninachofanya. Nimepima faida na hasara."

"Hata mama alipima. Aliogopa kukatwa, akapima, akaona afadhali soksi."

Zulma alitaka kujibu kwamba mama hakuwa na takwimu. Aliufungua mdomo, akayasikia maneno yenyewe kabla hajayatoa, akaufunga. Kilichomkera zaidi, kuliko moto, kuliko mguu, ni kwamba Nibia alikuwa amesimama hapo mbele yake na nguo iliyolowa na alikuwa anasema kweli.

Walikubaliana kwamba Zulma atamwambia daktari mwenyewe. Nibia aliapa hatafungua mdomo.

Siku ya kliniki ilipofika, Daktari Irigoyen alifungua faili akauliza maswali yale yale kwa mpangilio ule ule. Hamu ya kula ipoje, Profesa? Ipo. Usingizi? Wa kawaida. Ganzi, kuchomachoma? Na Zulma, ambaye njia nzima alikuwa ameipanga sentensi yake kwa makini, alisikia kinywa chake kikisema:

"Kidogo tu. Si kitu cha kuandika."

Nibia hakufungua mdomo. Alifungua mkoba. Alitoa mfuko wa plastiki wa dukani, akaufungua fundo taratibu, akatoa kile kiatu cha sufu kilichoungua, akakiweka mezani juu ya faili. Chumba kizima kikanuka kondoo aliyeungua.

Daktari alikitazama kiatu, kisha akamtazama Zulma.

"Kilikuwa mguuni?"

"Ndiyo."

Alimwomba avue viatu na soksi. Alikiona kidonda, akakipapasa pembeni, akachukua uma wa chuma wa kupimia mtetemo, akaugonga, akaugusisha kwenye kidole gumba. Zulma hakusikia. Akaugusisha kwenye kifundo. Akasikia kwa mbali, kama simu inayolia nyumba ya pili. Daktari alirudi kwenye kiti chake akakaa, akizungushazungusha kalamu. Alikuwa mtu mpole, na hasira haikumkaa vizuri. Ilimfanya aonekane mtoto zaidi.

"Wiki zote hizi nakuuliza," alisema. "Mgonjwa mwingine asiyeelewa, ningesema sikumweleza vizuri. Wewe ungeweza kunifundisha mimi. Kwa nini?"

"Kwa sababu nimeiona dawa hii ikifanya kazi," Zulma alisema. "Nimeiona kwa macho yangu, kwenye kisahani. Kipimo kikishuka, vijibomba vinaanza tena kubomoka na kujengeka. Seli zinaamka. Sikutaka ziamke."

"Kwenye kisahani, Profesa, hakuna mtu anayeshuka ngazi."

Zulma alikereka, maana ilikuwa sentensi nzuri na si yeye aliyeisema.

Daktari alisimamisha dripu za dawa ile. Alieleza kwamba uvimbe umeshapungua vya kutosha, kwamba kuna dawa nyingine za kumalizia njia, ambazo hazigusi vijibomba, na kwamba kama angeambiwa mapema angepunguza kipimo na huenda wangefika mwisho na dawa hiyo hiyo. Alilisema hilo la mwisho bila kulipamba. Zulma alilisikiliza lote. Nibia alikifunga kiatu ndani ya mfuko na kukirudisha mkobani, kana kwamba kina matumizi mengine.

Njiani kurudi walikwaruzana kuhusu basi la kupanda. Zulma alisema mia moja na nne, Nibia akasema hilo linazunguka mno, na walibishana kituoni mpaka mabasi yote mawili yakapita. Ndipo Nibia alipoanza kulia, amesimama wima, mkoba kifuani, watu wakitazama. Zulma hakuwahi kujua la kufanya Nibia anapolia. Alimshika mkono juu ya kiwiko, akamshikilia kwa nguvu kuliko ilivyohitajika, kwa kuwa vidole vyake havikuweza tena kumwambia ni nguvu kiasi gani, na Nibia aliacha ashikwe hivyo.

Upasuaji ulifanyika majira ya kuchipua. Walichokata kilikuwa kidogo, na kingo zake zilikuwa safi, hazina seli za kansa. Daktari Irigoyen alikataa kusema amepona, akasema tu kwamba ameridhika, na Zulma alimheshimu kwa hilo. Nibia alikaa mpaka nyuzi zilipotolewa, kisha akarudi Paysandú na masanduku yake, akiacha sufuria zote kwenye makabati ya juu.

Zulma alirudi maabara. Siku ya kwanza alijaribu kuvuta kioo cha moto kiwe sindano ya kuchomea seli, kazi aliyoifanya maisha yake yote akiwa anaongea mambo mengine, na sindano ikavunjika. Ya pili nayo ikavunjika. Leandro Pintos alijifanya hakuona, jambo lililomuudhi hata akamwambia kwa sauti kwamba ameona, na kwamba kuanzia leo vidole vya kazi hiyo vitakuwa vya Leandro na yeye atakaa kitini kutazama video. Alikaa kweli. Alitazama kwa ukali, akazirudisha nyuma video zote za mwaka uliotangulia, akakuta makosa ambayo yeye mwenyewe aliyapitisha alipokuwa mzima. Makala ya Leandro alimrudishia mara kadhaa, mpaka neno "zinaamua" likatoka.

Jumapili Nibia alipiga simu. Aliuliza miguu ikoje.

"Mkono wa kulia umerudi karibu wote," Zulma alisema. "Wa kushoto nusu. Kidole gumba cha mguu wa kulia bado, na unyayo nadhani hautarudi. Jana nilijikwaa ngazini, sikuanguka. Nilishika ukuta."

"Ngazi ya wapi?"

"Ya hapa nyumbani. Ya tatu kutoka chini."

Nibia alisema atawaambia mabinamu wa Durazno. Zulma alisema awaambie. Kisha Nibia akaanza kusimulia habari za mteja mmoja aliyetaka nywele zake ziwe rangi ya shaba na zikatoka kijani, na Zulma, simu ikiwa begani, aliendelea kuvaa viatu vyake akiangalia kila mguu unapoingia.